Ulinganisho: Mdimu mkubwa uliokulia ndani ya nyumba uhamishiwe bustanini kwa njia ipi? (Mtwara)

Mzee wa Shangani (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninao mdimu wa kubebesha (uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine) wenye umri wa miaka minne, unaokaribia urefu wa mita mbili, ambao umekulia katika nusu pipa ndani ya baraza iliyozibwa kwa vioo hapa Shangani, Mtwara Mjini. Niliuweka ndani kwa sababu mbuzi wa mtaani hawakubakiza kitu uani. Sasa ukuta umejengwa, mti umegusa dari, na mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini ya pipa.

Nimepewa ushauri wa aina tatu unaopingana: kusubiri mvua za Desemba na kuupanda siku hiyohiyo, kuutoa sasa, mwezi huu wa Oktoba, ukiwa bado ndani ya pipa, niuzoeshe jua kando ya ukuta na kuupanda mvua zikinyesha, au kuuweka nje na kuuacha ndani ya pipa daima. Naomba mliowahi kufanya kazi hii mnieleze ni njia ipi yenye hasara ndogo.

Mama wa Mitwero

Shikamoo baba. Mimi nipo Lindi, na njia ya kwanza niliifuata kwa mchungwa uliokuwa umekaa sebuleni kwa miaka miwili. Niliupanda siku iliyofuata mvua ya kwanza ya Desemba, nikijiona mjanja kwa kuwa udongo ulikuwa umelowa na mawingu yalikuwa mazito. Siku ya nne mawingu yaliondoka, na kwa wiki nzima hapakuwa na mvua. Majani ya juu yaligeuka meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kisha yakakauka katikati na kupukutika. Mti haukufa, lakini msimu wote uliishia katika kuotesha majani upya badala ya kukua. Kwa hiyo mvua peke yake isikudanganye. Inalowesha udongo, haifundishi majani kustahimili jua.

Mwana Newala

Njia ya tatu iondoe kabisa, mzee wangu. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde tunaijua thamani ya ndoo moja ya maji, na mti mkubwa ndani ya pipa lililopigwa na jua la Septemba unadai maji kila siku. Ukisafiri siku tatu umeupoteza.

Mwalimu wa Jiografia

Nakubaliana na Mama wa Mitwero, ila nina shaka kuhusu maneno "kando ya ukuta". Mtwara ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba jua la saa sita mchana hupita utosini kwetu kiasi cha tarehe 20 Oktoba, kisha huwa upande wa kusini hadi wiki ya tatu ya Februari. Anayeuweka mti kusini mwa ukuta mwezi Septemba kwa kuwa kuna kivuli atakuta mwezi Novemba kivuli kimehamia kaskazini. Hata huko kaskazini, mwezi Desemba jua linapokuwa mbali zaidi na utosi, ukuta wa mita tatu hutoa kivuli cha kama sentimita 70 tu saa sita mchana. Mti wa mita mbili hauwezi kujificha humo, na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe huurudishia mwanga na joto. Kivuli cha kuzoeshea mti katika miezi hii lazima kitoke juu: makuti, neti ya kivuli, au mti mwingine.

Tofauti ya mwanga ni kubwa kuliko macho yetu yanavyotuambia. Jua kali la mchana hufikia takriban luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ilhali mita moja au mbili nyuma ya dirisha mara nyingi ni elfu chache tu. Jani lililokulia ndani ni pana lakini halina unene, na likishaungua halirudi.

Fundi Bustani, Mikindani

Njia ya pili ndiyo ninayoifuata kwa wateja, ila naifanyia marekebisho. Wiki ya kwanza pipa hukaa kwenye kivuli kizito. Wiki ya pili mti hupata jua la asubuhi hadi saa tatu. Wiki ya tatu hadi saa tano. Baada ya hapo siangalii tena kalenda, naangalia machipukizi. Majani yaliyochipua nje na kukomaa hukohuko ndiyo yanayoonyesha kwamba mti uko tayari. Upepo nao usisahauliwe, kwa sababu shina ambalo halijawahi kutikiswa huwa legelege. Lifungeni kwenye vigingi viwili kwa kamba pana isiyokata gome, na msiikaze sana.

Siku ya kupanda, shimo liwe pana mara mbili ya pipa lakini lisizidi kina cha bonge la udongo. Mizizi iliyozunguka kama kamba ikatwe kwa kisu kikali, mistari mitatu au minne kutoka juu hadi chini, la sivyo itaendelea kuzunguka humohumo ardhini. Sehemu iliyobebeshwa ibaki juu ya udongo. Ikifukiwa, ugonjwa wa kuoza shina hufuata. Wapo wanaoshauri kukata nusu ya matawi ili "kuupunguzia mti mzigo". Mimi siwaungi mkono, kwa kuwa majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya, na gome lililoachwa wazi nalo huungua. Heri kupaka shina chokaa iliyozimuliwa.

Kwa wiki za mwanzo maji yamwagwe shinani kabisa, maana bonge laweza kukauka huku mchanga wa pembeni umelowa. Matandazo ya makuti yakae mbali kidogo na shina, kwa sababu ya mchwa. Mzee, maji yako ni ya bomba au ya kisima?

Mzee wa Shangani

Ni ya kisima, na yana chumvi kidogo. Chai yake tumeshaizoea.

Fundi Bustani, Mikindani

Nyinyi mmeizoea, mdimu hautaizoea. Jamii ya michungwa haistahimili chumvi, na ncha za majani zikianza kuwa kahawia utakuwa umechelewa. Vuna maji ya bati mvua zikianza, na kabla ya hapo tumia ya bomba. Tena chagua upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa baharini.

Mama wa Mitwero

Nyongeza ndogo: ukitoka nje, mti utapata wageni. Viwavi vichanga vinavyofanana na kinyesi cha ndege ni watoto wa kipepeo wa michungwa. Waokoteni kwa mkono. Sisimizi wa majimoto wakihamia msiwafukuze haraka, kwani wanawinda wadudu wengi, ingawa siku ya kuchuma ndimu watakukumbusha kwamba wapo.

Mzee wa Shangani

Nashukuruni sana. Wazo la ukuta nimeliacha, na nyuma ya nyumba, mbali na bahari, upo mkorosho wenye kivuli kizito. Vijana wanne watalivuta pipa hadi hapo Jumamosi jioni juu ya gunia, kwa kuwa toroli haliwezi kubeba uzito wote huo. Limebaki swali moja kwa Fundi: korosho na mabibo yanaanguka sasa hivi, je, niufunike mdimu kwa neti, au niusogeze ukingoni mwa kivuli?

Fundi Bustani, Mikindani

Usogeze ukingoni, upande wa magharibi wa mkorosho, ili jua la kwanza kuufikia liwe la alasiri? Hapana, nisahihishe: upande wa mashariki, upate la asubuhi. Neti haihitajiki.