Naomba kueleweshwa karata ya tatu kwenye bakara

Wakuu, habari za jioni. Ijumaa jamaa wa kazini alinipeleka kasino moja hapa Dar. Mimi karata nazijua za arbastini tu, kibarazani, lakini meza ya bakara ilinivutia kwa sababu unachagua tu upande: mchezaji, benki (ndiyo majina ya mafungu mawili ya karata yanayoshindana) au sare.

Hesabu nimeielewa: ree ni 1, kumi na zenye picha ni sifuri, ukizidi 9 unatupa kumi, kwa hiyo 7 na 8 ni 5. Ukiweka kwa benki ikashinda, unakatwa asilimia 5 ya ulichoshinda.

Kilichonichanganya ni hiki. Niliweka elfu ishirini kwa mchezaji. Alikuwa na 4 kwa karata mbili, akaongezewa ya tatu, 8, akabaki na 2. Benki ilikuwa na 3, haikuongeza, ikashinda. Raundi iliyotangulia benki ilikuwa na 3 vilevile na ikachukua karata! Nilimuuliza dada anayegawa, akatabasamu tu, "Ndiyo sheria, kaka."

Ni sheria kweli au nilipigwa? Na kuna njia rahisi ya kuikariri? Wenye mbinu za kudabo dau, hapana, asanteni.