Mwalimu asiyeamini tena Mungu: abaki kwenye shule ya kanisa, au atoke?

Mwalimu wa Keshero (mwenye mada)

Naleta swali ambalo huku Goma, mashariki mwa Kongo, watu wanaliongelea kwa kunong'ona. Mwalimu ameacha kuamini kwamba Mungu yupo. Hajagombana na mtu, hakosi darasani, watoto wake wanafaulu mtihani wa Serikali. Lakini shule iko mikononi mwa kanisa, na kila asubuhi kabla ya saa ya kwanza yeye ndiye anayesalisha darasa. Aendelee hivyo hivyo? Aseme ukweli na kuondoka?

Mwalimu huyo ni mimi. Nafundisha kemia na biolojia. Kanisani nimekulia hasa: vikundi vya watoto na vijana Wakatoliki, Kizito-Anuarite, kisha Xaveri, kisha kwaya ya parokia, na mama yangu hadi leo ni kiongozi wa shirika, jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa wetu. Maswali ninayoulizwa nayajua, kwa hiyo nijibu mapema. Hapana, hakuna padri aliyenikosea. Hapana, hakuna Mzungu aliyenigeuza. Na sina hasira na Mungu. Nitamkasirikiaje nisiyemwona kuwa yupo? Watu wanapenda kidonda. Ukiwaambia umeacha kuamini, wanauliza nani amekuumiza. Hawaulizi umefikiri nini.

Nilianza kufikiri Mei 2021. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ililipuka Jumamosi tarehe 22, jioni. Usiku ule wengine walikimbilia Gisenyi, wengine Sake, na magodoro kichwani. Kufika asubuhi lava ilikuwa imesimama upande wa Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Shuhuda zilizofuata mnazikumbuka: Roho Mtakatifu amezima moto, mji umeokolewa na maombi. Mimi pia niliimba. Ila Buhene kuna mama ninayemfahamu, mtu wa rozari, hakosi misa. Nyumba yake ilifunikwa yote. Nikajiuliza: maombi yetu sisi wa huku chini yalikuwa na nini ambacho ya kwake hayakuwa nacho? Na tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikaondoka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lenyewe. Siku ile hakuna aliyeomba? Lava ikisimama, ni Mungu. Isiposimama, ni fumbo. Kwenye kemia nawaambia watoto: maelezo yanayokubaliana na kila matokeo hayajaeleza kitu. Nikashindwa kuwaambia wao hivyo na mimi mwenyewe nijiambie vingine.

Swali moja likavuta lingine, mpaka nikatambua kwamba nikisali nasema peke yangu.

Maoni yangu ni haya: mwalimu abaki, afundishe somo lake, ila asilazimishwe kusalisha. Darasani hawakosekani wanafunzi wanaoamini na wanaojua kusali vizuri kuliko mimi. Na msiniambie kazi ziko nyingi. Tangu vita ifike mjini na benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, hata mshahara ulio wako unaupata kwa kuzunguka. Karibuni.

Mtumishi, Majengo

Ndugu Mwalimu, hiyo si akili yako. Ni roho ya uasi, inawapenda sana watu waliosoma. Siku tatu za kufunga bila maji, uje kwenye chumba cha maombi tukufungue. Na watoto wetu uwaache kwanza.

Dada wa Himbi

Papa Mtumishi, mtu anauliza swali, unamnyima maji?

Katekista, Ndosho

Mwalimu, asante kwa kusema bila matusi. Nami nitajibu bila matusi, ingawa sikubaliani nawe.

Kwanza lava. Zile shuhuda mimi pia hazikunipendeza. Anayesimama mbele ya waliobaki na nyumba na kusema "Mungu ametuokoa" hajamfikiria aliyekaa benchi la nyuma bila nyumba. Lakini wewe umechukua mahubiri mabaya ukayafanya ndiyo imani yote. Mungu ninayemfundisha katekumeni si fundi wa kuziba milima. Mwanawe mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, hakikumwepuka. Hilo liko ndani ya Injili, halikufichwa, na waliosimulia hawakuona aibu.

Pili, Floribert Bwana Chui. Ni kijana wa hapa hapa Goma, alikuwa kwenye ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni tukala sisi. Wakamuua, mwaka 2007. Tarehe 15 Juni 2025 ametangazwa mwenye heri kule Roma. Hebu niambie, ni hesabu gani ingemfanya akatae zile dola? Ukihesabu, unapokea. Kila mtu angepokea, na hakuna ambaye angejua. Yeye alikataa kwa sababu aliamini yuko Anayeona.

Tatu ndiyo mada yako. Mzazi anayeandikisha mtoto kwenye shule ya kanisa hanunui kemia peke yake. Anataka mtoto alelewe na watu wa namna fulani. Wewe unaomba ubaki na kemia, sala uiache mlangoni. Mashaka siyakatai, Tomaso alishuku, hakufukuzwa. Ila wewe husemi una mashaka. Umesema umekwisha kuamua. Basi toka kwa heshima, nenda shule ya Serikali.

Mwalimu wa Keshero

Katekista, Floribert namheshimu, na sisemi hivyo ili nipendeze. Lakini kisa chake kinaonyesha kwamba imani inaweza kumfanya mtu awe jasiri. Hakionyeshi kwamba anayeaminiwa yupo. Na wale wanaopokea mpakani Jumatatu, Jumapili walikuwa wapi? Wengi walikuwa kwenye misa na ibada. Wao pia wanasema yuko Anayeona.

Katekista, Ndosho

Wanasema. Yeye aliamini.

Mtu wa sheria, Katindo

Niingize mambo mawili ambayo watu wanayasahau. Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inasema Kongo ni nchi isiyo na dini ya Serikali. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Kwa hiyo kutoamini si kosa, mahali popote pa nchi hii.

Lakini Katekista naye hasemi hewani. Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizichukua shule zote kutoka kwa makanisa. Zikamshinda. Mwezi wa Februari 1977 Serikali ikaweka mapatano na makanisa na kuwarudishia uongozi: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na Waislamu nao wakapata mapatano yao. Tangu hapo mwalimu wa shule hizo ana mabwana wawili: anayelipa ni Serikali, anayeongoza nyumba ni kanisa. Huo mkanganyiko hakuuanzisha Mwalimu wa Keshero.

Halafu hii ya "nenda shule ya Serikali" ni nyepesi mdomoni. Huku kwetu shule nyingi ni za makanisa. Ukimfukuza kila asiyeamini, umemfukuza kwenye taaluma yote.

Someni pia kifungu cha 45: shule zinaweza kutoa malezi ya dini kwa wanafunzi wadogo kama wazazi wakiomba. Wakiomba. Sijawahi kuona karatasi inayowauliza wazazi.

Kijana wa Birere

Sisi Waislamu tuna aya moja ambayo wote mnaijua, ya Suratul-Baqara: hakuna kulazimisha katika dini. Lakini hakuna kulazimisha si sawa na kuniletea mwanangu mwalimu asiyeamini. Mimi namuunga mkono Katekista, na siku nyingine hatukubaliani hivi.

Mama, Kanyaruchinya zamani

Mwalimu, mie sikusoma mingi, munisamehe kama naandika vibaya. Tulikimbia vita ya Rutshuru 2022, tukafikia kambi ya Kanyaruchinya, tukalala kwa hema paka 2025 waliposema kila mutu arudi kwao. Munauliza Mungu iko ao haiko. Kule kambini hatukukuwa tunauliza ile. Tulikuwa tunauliza maji, tunauliza kuni. Lakini kila asubui ba mama tulikuwa tunakutana, tunaimba, tunahesabiana: nani haiko, nani iko mugonjwa, nani watoto yake hawakukula. Mwenye hakuonekana, tunaenda kumutafuta kwa hema yake. Ile njo sala yetu. Sasa munasema tulikuwa tunasema peke yetu. Sawa. Benye habaamini, beko banakutana wapi?

Mwalimu wa Keshero

Mama, sikusema kwamba mlikuwa mnasema bure. Mlikuwa mnasemezana ninyi kwa ninyi, na hilo ndilo lililowaweka hai. Mtu aliyekuja kwenye hema la mgonjwa alikuwa mama mwenzako. Alikuwa na miguu.

Katekista, Ndosho

Mwalimu, usimtafsirie mama sala yake. Anajua alikuwa akisema na nani.

Mwalimu wa Keshero

Hapo umenishika. Mama, na swali lako la mwisho sina jibu lake. Hatukutani popote. Mtu wa kwanza niliyemwambia habari hii alibadili mazungumzo tukaanza kuongea bei ya makala ya kupikia.

Mzee wa Virunga

Vijana, mnaongea kama vile Mungu alishuka kwenye meli pamoja na mapadri weupe, na sasa mnabishana kama arudishwe bandarini. Mababu zetu wa Lubero walimtaja Nyamuhanga kabla ya msalaba wowote kufika Kivu. Huko Bukavu Bashi walikuwa na Nyamuzinda wao. Hakuna aliyewapa katekisimu. Mwalimu anapokataa, anakataa yupi? Wa parokia, au hata yule wa bibi yake?

Mwana wa Katuba, Lubumbashi

Mzee, shikamoo. Nakubali kwamba Mungu hakuja na meli. Basi tukubaliane pia kwamba kutoamini hakukuja na ndege. Kila mara nasikia "hayo ni mambo ya Wazungu." Mwandishi na mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akaingia utawa wa Wabenedikto akiwa kijana, akatoka, akafundisha hapa chuo kikuu cha Lubumbashi, akafariki Marekani mwaka 2025. Mtu aliyeijua liturujia ndani nje, na bado akajiita mtu asiyejua kama Mungu yupo. Hakutukana watawa waliomlea. Alibaki na nidhamu yao ya kusoma maisha yake yote. Nani atasema huyo hakuwa Mkongo?

Nikiwa hapo, niseme sikubaliani na Mwalimu kwenye jambo moja. Anasema "nimefikiri nikaacha," kana kwamba waumini hawajafikiri. Wapo waliofikiri wakabaki.

Mwalimu wa Keshero

Wapo, na mmoja anaandika humu kutoka Ndosho. Mzee wa Virunga, nimelirudia swali lako mara nyingi kabla hujaliuliza. Yule wa bibi yangu pia simwoni. Nikimwacha wa parokia na kumkimbilia Nyamuhanga, nitakuwa nimebadili jina tu na kuliacha swali palepale.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita

Naomba niseme, mimi sifundishwi na Mwalimu huyu. Wakubwa wote humu mnasema "watoto wetu," hamjatuuliza. Sisi tunajua mwalimu yupi anasali na yupi anakimbiza Baba Yetu ili aanze somo. Darasani kwetu tuko zaidi ya mmoja wenye maswali. Nilimuuliza mwalimu wa dini kuhusu mageuzi ya viumbe, maana biolojia inasema hivi na Mwanzo inasema vile. Akaniambia nisishindane na Mungu. Nyumbani siwezi kuuliza. Kuna mtoto kwenye avenyu yetu alisema hataki tena kwenda maombi, wakasema ana uchawi. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Mkimtoa kila mwalimu asiyeamini, atabaki nani wa kumuuliza mtu kama mimi?

Mtu wa sheria, Katindo

Kwa faida ya wanaosoma: sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Hata kama ni mzazi. Hata kama ni mtumishi wa Mungu.

Mtumishi, Majengo

Hayo yamenilenga mimi? Sijamwita mtoto yeyote mchawi. Ninachosema: mtoto akianza kubishana na Biblia akiwa na miaka kumi na saba, akiwa na ishirini atabishana na baba yake.

Dada wa Himbi

Ana haki ya kubishana na baba yake akiwa na ishirini.

Katekista, Ndosho

Binti wa mwaka wa sita, njoo uniulize mimi. Nasema kwa dhati. Mageuzi ya viumbe hayajawahi kunikosesha usingizi. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba ni zaidi ya dhana tu. Mwalimu wako wa dini alipaswa kulijua hilo, na sisi tunaowaandaa tulipaswa kumwambia.

Lakini umetoboa hoja yangu mahali nisipotarajia. Nilisema mzazi anataka mtoto alelewe na watu wa namna fulani. Mwalimu anayekimbiza Baba Yetu naye ni mtu wa namna gani? Wako wangapi? Hao hatuwatoi, kwa sababu hawajasema.

Mwalimu, nikuulize wazi. Mkutano wa wazazi, mimi mzazi nasimama: "Mwalimu, unaamini Mungu yupo?" Utajibu nini?

Mwalimu wa Keshero

Nitajibu hapana. Na nitaomba wanaonijua waseme kama nimewahi kumdhihaki mtoto anayeamini.

Mtumishi, Majengo

Mmesikia wenyewe.

Katekista, Ndosho

Tumesikia. Mwalimu, mwambie prefe, mkuu wa shule yako, wewe mwenyewe wiki hii, kabla hajaambiwa na mtu wa humu. Wengine tayari wamekutambua. Akiniuliza maoni yangu, nitasema kusalisha uache kabisa, na msimamo wangu kwamba utoke bado ninao. Ila hutatoka kabla hujapata pa kwenda. Walimu wa kemia hawapatikani huku, nitaanza kuuliza kesho.