Nitapata wapi muda wa kujifunza Kijapani kila siku?

Wakala_wa_Forodha:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mizigo ninayoitoa bandarini ni magari yaliyotumika kutoka Japani. Karatasi ya mnada inayokuja na gari huwa imejaa maandishi ya mkono yanayoeleza kasoro zake, lakini sisi tumezoea kutazama daraja tu, 4 au 3.5, na mengine tunamwachia muuzaji. Mwezi uliopita mteja wangu alipokea gari lililoliwa na kutu chini ya sakafu. Tulipomwonyesha karatasi mtu anayeijua lugha hiyo, alisema kwamba kutu ilikuwa imeandikwa waziwazi tangu mwanzo. Niliona aibu, na siku hiyohiyo nikaamua kujifunza.

Tatizo ni muda. Naamka saa 11 alfajiri, nasimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na nikirudi saa 2 usiku watoto wananisubiri niwakagulie madaftari. Mara mbili nimejaribu kutenga saa nzima baada ya chakula cha usiku, na mara zote mbili sikuimaliza wiki ya pili, kwa kuwa usingizi ulinichukua kitabu kikiwa kifuani. Ninyi mnaofanya kazi za kutwa mnajifunza wakati gani, na mlianza na nini?

Nina swali jingine dogo. Kila ninapoliwasha gari la ofisi, sauti ya mwanamke hutamka maneno yanayoishia na "sarete imasen". Huu ni mwaka wa pili nashangaa ananiambia nini.

MamaWawili:

Pole, ndugu yangu. Mimi ni muuguzi wa zamu, kwa hiyo kwangu hakuna "baada ya chakula cha usiku" inayotokea saa ileile kila siku. Nilichofanya ni kulifunga somo kwenye jambo ambalo halikosi kutokea, yaani chai ya asubuhi. Tangu sufuria ibandikwe hadi maji yachemke nina dakika nane hivi, nami hukaa palepale jikoni na kadi tano nilizozikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi la sabuni, herufi upande mmoja na matamshi upande wa pili. Herufi za msingi za hiragana, mojawapo ya aina mbili za herufi za silabi za Kijapani, ni 46, hivyo kwa kadi tano kwa siku nilizipitia zote katika siku kumi, ingawa ilinichukua zaidi ya mwezi kuacha kuzichanganya.

Wewe, hata hivyo, ningekushauri uanze na katakana, ile aina ya pili ya herufi za silabi, kinyume cha vitabu vingi. Kasoro za gari mara nyingi huandikwa kwa herufi hizo: キズ, yaani kizu, ni mkwaruzo, ヘコミ, hekomi, ni kubonyea, na サビ, sabi, ndiyo kutu iliyokuponza.

Ndani ya mwendokasi usijaribu kusoma, kwani mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unalinda mfuko. Hapo sikiliza tu. NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina masomo mafupi ya Kijapani yanayofafanuliwa kwa Kiswahili.

Niliyeishi_Nagoya:

Nakubaliana na dada hapo juu, ila kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuisikia. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani ili mtu akimudu Kijapani kikazi. Kwa nusu saa kwa siku, hiyo ni miaka 12. Kwa hiyo, ndugu wakala, kabla ya kutafuta muda zaidi, punguza kwanza unachokitaka. Orodha rasmi ya kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136, lakini karatasi zako hurudia chache zilezile. Palipoandikwa 修復歴, yaani historia ya ukarabati wa mwili wa gari, tazama kama imefuatiwa na 有, ambayo ni "ipo", au 無, ambayo ni "hakuna". Miaka nayo mara nyingi huhesabiwa kwa enzi za wafalme wa Japani: ukiona Heisei, ongeza 1988, na ukiona Reiwa, ongeza 2018, hivyo Heisei 24 ni mwaka 2012. Hayo ni kazi ya majuma machache.

Tahadhari moja kuhusu programu za kukariri kwa kadi kama Anki: ukikosa siku tatu, marudio hulimbikizana kama deni la dukani, na wengi huacha kwa kuogopa lile rundo. Ikitokea, zuia kadi mpya na ulipe deni kidogo kidogo. Mimi nimeacha na kuanza upya mara tatu, na kila mara chanzo kilikuwa tamaa ya kadi mpya.

Yule mwanamke anasema "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za huko Japani. Mwache aendelee kulalamika.

Wakala_wa_Forodha:

Nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu. Nina siku ya tisa leo, kadi tano tano wakati maji ya kuoga yanachemka, na nimekosa siku moja tu, Jumapili, mtoto alipougua. シ (shi) na ツ (tsu), kwa jinsi zinavyofanana, bado zinanishinda.

Mchana nilitoa kwenye faili karatasi ya lile gari la mteja wangu na kuitafuta サビ, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Ilinichukua dakika kumi. Imeandikwa mara mbili.