MJADALA: Mto Ruaha Mkuu unakatika kila kiangazi. Tuhamishe watu au tufunge mabanio ya mifereji?

Wadau, kila kiangazi tunarudi palepale. Umeme ukianza kusuasua, au picha za viboko waliorundikana kwenye tope zikisambaa, vidole vyote vinaelekezwa Usangu, bonde la mpunga la Mbeya lililo juu ya mto: wafugaji waondoke, wakulima wa mpunga wapunguzwe. Mimi nimezaliwa Rujewa, nimekulia pembeni mwa majaruba, sasa naishi Iringa. Naomba tubishane kwa hoja, tuache ukabila na uchama.

Msimamo wangu ni huu: Ruaha Mkuu haukaushwi na wingi wa watu wa Usangu wala na mifugo yao. Unakaushwa na mifereji inayoachwa wazi kuanzia Julai hadi Novemba, wakati ambapo shambani hakuna mpunga. Kuhamisha watu ni kumfunga bandeji mgonjwa kwenye mguu usiouma.

Tukumbushane. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ukakatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kiangazi kumekuwa kawaida. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 utakuwa unatiririka mwaka mzima tena. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa kwa nguvu kwenye kinamasi cha Ihefu, wengi wakasukumwa hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Pori la Akiba Usangu likaunganishwa na hifadhi. 2010 ikafika, ikapita. Kama ng'ombe ndio waliokuwa wakiumaliza mto, mbona walipoondoka haukurudi?

Jibu liko kwenye umbo la bonde lenyewe. Mito inayoshuka milimani (Ruaha wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera) haiendi moja kwa moja hifadhini. Maji yake huingia kwanza Ihefu, kinamasi kikubwa, na humo yana mlango mmoja tu wa kutokea: Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya kizingiti hicho, halivuki hata tone. Ni mtungi wenye tundu karibu na mdomo, unaweza kuwa na maji ndani na nje pasidondoke kitu. Watafiti wa maji walikadiria kwamba ili mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde zitoke pale kiangazi, zinatakiwa kuingia kama 7, kwa sababu jua na matete ya kinamasi huchukua chao kwanza. Kilichokuwa kikiingia wakati wanapima ni kama nusu ya hicho. Kwa hiyo maji yanayogombewa ni haya machache ya Agosti, Septemba na Oktoba. Ya masika hayana neno.

Sasa nenda Usangu mwezi Septemba utazame mifereji. Imejaa! Mpunga ulishavunwa zamani, lakini maji yanakwenda kilomita na kilomita, yanazama ardhini, yanaishia kwenye magugu, ili mwishoni mama mmoja achote ndoo mbili na jirani yake afyatue matofali. Banio la zamani lilikuwa la miti, mawe na majani, na lilivuja. Babu yangu alilalamika kila mwaka mafuriko yakilizoa. Kumbe kuvuja kule ndiko kulikowapa maji watu wa chini. Yakaja mabanio ya zege, tukapiga makofi, na kwa mpunga ni maendeleo kweli. Ila mto ukipungua, zege halivuji. Linaweza kuumeza karibu wote.

Pendekezo langu: vijiji vichimbiwe visima vya maji ya kunywa, mabanio yafungwe miezi hiyo, watu wabaki kwao. Anayepinga aje.

—

Mwongoza watalii, Tungamalenga:

Mkuu, umeeleza vizuri lakini unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama kingoni Oktoba. Mimi ndiyo kazi yangu. Viboko wanabanana kwenye dimbwi moja, wanachafua maji kwa kinyesi mpaka samaki wanaelea. Tembo wanachimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga ili wapate maji, wanyama wengine wanapanga foleni nyuma yao. Nyati wasioweza kutembea mbali na maji wanaishia kuminyana kwenye vipande vichache vya mto, na simba wanajua.

Hizo hesabu za 0.6 na 7 zinanipa wasiwasi mmoja. Kama kinamasi kinakunywa kiasi hicho kabla hakijatoa kitu, basi Ihefu isipolindwa na yenyewe ikalimwa, tumekwisha. Ng'ombe wakirudi kule, nyasi zitachomwa na kingo zitakanyagwa. Mimi naunga mkono mpaka wa 2008. Watu nje, kinamasi ndani ya hifadhi.

—

Mfugaji, sasa Kilwa:

Nimesoma kimya, nimeshindwa. Mimi ni mmoja wa wale wa 2006. Tulitembeza mifugo na kuisafirisha kwenye malori, njiani ng'ombe wakafa, faini tukalipa ambazo hadi leo sijaelewa zilikuwa za nini. Huku tulikoletwa tukakuta wakulima nao wanatuuliza tumetoka wapi.

Tupige hesabu ya kitoto. Ng'ombe mmoja mpe lita 40 kwa siku. Ng'ombe laki moja ni lita milioni nne. Sasa chukua mfereji mmoja tu, mdogo, wa lita 50 kwa sekunde. Kwa siku unapitisha lita milioni nne na laki tatu. Mfereji mmoja! Usangu kuna mifereji mingapi? Lakini mfereji haufukuzwi na askari, maana mwenyewe ana shamba na ana mbunge. Ng'ombe hapigi kura.

—

Mwongoza watalii, Tungamalenga:

Ndugu, hesabu yako siipingi. Ila ng'ombe hanywi tu. Anakanyaga, na mchungaji anachoma.

—

Mfugaji, sasa Kilwa:

Kanyagio la ng'ombe halijengwi kwa zege.

—

Mstaafu wa umeme:

Wanangu, niseme la Mtera, kwa sababu hili la umeme ndilo linalotumika kuwatisha watu. Mtera na Kidatu, vituo vya umeme wa maji vilivyo chini kwenye mto huu, vinategemea maji yaliyohifadhiwa, na bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, siyo na mto wa Septemba. Tena Mtera haipati maji ya Usangu peke yake: kuna Ruaha Mdogo, kuna Kizigo. Mgao wa miaka ya tisini tuliutupia mpunga na ng'ombe, wakati sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa jinsi maji ya bwawa yalivyotumika miaka iliyotangulia. Ukitumia akiba ovyo, usimlaumu anayekaa juu yako mtoni.

Hata Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115: maji ya Rufiji yanatoka zaidi Kilombero, kama asilimia 62. Ruaha Mkuu unachangia kama 15. Anayetaka kulinda umeme wa nchi aangalie pia yanayofanyika Kilombero. Huko hakuna picha za viboko, basi kimya.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Kukatika kwa mto kiangazi ni msiba wa hifadhi na wa vijiji vilivyo chini. Hilo linatosha kuwa sababu. Halihitaji kuazima hofu ya giza.

—

Mwanzisha mada:

Shikamoo mzee, asante. Hapo kwenye kuazima hofu umenisaidia sana.

Kwa ndugu yangu wa Tungamalenga: Ihefu yenyewe ilindwe, sijakataa. Ninachokataa ni mpaka unaopanuliwa mpaka unameza vijiji na majaruba, halafu tunaambiwa ni kwa ajili ya mto. Tumeona matokeo. Mradi wa REGROW wa kuendeleza hifadhi na utalii wa kusini, wa dola milioni 150, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wanavijiji, na Novemba mwaka huohuo ukafutwa kabisa. Ndani yake kulikuwa na mipango ya maji pia. Ubabe umetula pande zote mbili.

—

Mkulima, Chimala:

Mimi ndiye mwenye mfereji mnaouzungumzia, kwa hiyo nistahimilieni.

Mwanangu wa Rujewa, umesema kweli nusu. Kwamba hakuna mpunga Septemba ni kweli kwa wengi. Lakini Oktoba tunaandaa vitalu, kwa sababu mpunga wa mapema ndio wenye bei. Ukifunga banio hadi Novemba, wote tutavuna wakati mmoja na mnunuzi atatupangia bei akiwa amekaa kwenye kiti. Huo mchele wa Mbeya mnaousifia huko Dar una mtu nyuma yake.

La pili. Sheria ya maji ya 2009 tunaijua, vibali tunavyo. Kibali kinasema kiasi. Nani anapima usiku? Sisi wa juu tukifunga, wale wa skimu kubwa wanafunga? Zamu ya maji tunaiweza, tumeiishi tangu enzi za Wabaluchi waliotufundisha mpunga wa kumwagilia. Lakini zamu ni kwa wote au si zamu.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Mkisema tufunge, anzeni na kisima. Kisima kwanza, banio baadaye. Mkianza na banio mkaahidi kisima, mke wangu atakwenda kulifungua kwa jembe saa kumi alfajiri, na mimi nitamshikia taa.

—

Mwanzisha mada:

Mzee wangu, kisima kwanza, sina ubishi. Na skimu kubwa zifungwe siku ileile na mifereji midogo, na lango lipimwe hadharani mbele ya watu. Kuhusu vitalu: mkikubaliana kukaa na kitalu kimoja cha pamoja karibu na banio, badala ya kila mtu kupeleka maji hadi mwisho wa mfereji kwa ajili ya kipande chake, si tutaokoa mengi na Oktoba yenu mtabaki nayo?

—

Mkulima, Chimala:

Kitalu cha pamoja tulikijaribu msimu mmoja. Kiliota vizuri. Tukagombana nani ang'oe miche kwanza.

—

Mwanzisha mada:

Na kijijini kwako, Septemba, ni kaya ngapi zinazochota mferejini?

—

Mkulima, Chimala:

Karibu zote. Kisima tunacho kimoja. Pampu ilikufa mwaka juzi.