Naomba ushauri: Debian ya biti 32 kwenda 64, nibadilishe humohumo au niinstolu upya?

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa wazoefu wa Linux.

Nina mashine ya dukani inaendesha Debian 12 (toleo la mfumo wa Linux) ya biti 32 (i386), nataka kwenda Debian 13 lakini hiyo iliyotoka Agosti 2025 haina tena keneli (kiini cha mfumo) wala instola ya i386, kwahiyo lazima nihamie amd64, yaani ya biti 64. Prosesa haina shida, lscpu inaonyesha inakubali 32 na 64 zote.

Mpaka sasa nimepiga dpkg --add-architecture amd64, apt update, nikaweka linux-image-amd64 na ikawaka vizuri tu. uname -m inasema x86_64 (keneli ni ya 64) ila dpkg --print-architecture bado i386 (programu zingine ni za 32), yaani kichwa kipya mwili wa zamani 😅. Hapo ndo nimesimama maana hatua inayofuata ni kubadilisha dpkg na apt zenyewe (ndizo zinazoweka na kuondoa vifurushi vya programu), na kwa umeme wetu huu ikikatikia katikati sijui nitaanzia wapi.

Kuinstolu upya siogopi sana, /home iko patisheni yake, shida ni PostgreSQL (hifadhidata) yenye hesabu za duka, faili zake za biti 32 huwezi kuzikopi tu ukazifungulia kwenye 64.

Sasa kuna aliyemaliza njia ya humohumo bila kuvuruga vifurushi, au nifute niweke 13 safi? Na pg_dumpall (inayotoa nakala ya hifadhidata zote) peke yake inatosha au na mafaili ya mipangilio ya /etc/postgresql niyabebe pembeni?