Nusu mwaka imekatika, malengo ya Januari yako nyuma: nirekebishe vipi bila kujidanganya?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Leo ni tarehe 30 Juni. Siku 181 zimepita, zimebaki 184. Nina malengo manne niliyoyaandika Januari na yote yamelala. Naweka namba zote hapa ili atakayejibu asikisie.

Mshahara unaoingia mkononi ni 850,000, naishi Dar, watoto wawili wanasoma.

Kiwanja: kuweka 300,000 kila mwezi, Desemba ifike 3,600,000. Iliyopo ni 1,150,000. Januari niliweka 50,000 (ada na sare), Februari, Machi na Aprili 300,000 kila mwezi, Mei 200,000, Juni sifuri. Mei na Juni zilikuwa na michango ya harusi mbili na msiba.

Hisabati: narisiti kidato cha nne Novemba ili niombe chuo, lengo ni B. Karatasi ya mwaka wa nyuma niliyoifanya nyumbani wiki iliyopita imetoa 27.

Mbio: km 21 za Kilimanjaro Marathon, Februari. Kwa sasa nakimbia km 5 mara mbili kwa wiki.

Vitabu: 24 kwa mwaka. Vimekwisha 5.

Nipunguze namba au nikaze? Na nitajuaje kwamba narekebisha lengo, si kwamba nalikimbia?

Mizani

Mkuu, usiguse namba yoyote kabla hujaangalia mwezi kwa mwezi. Kosa kubwa la Julai ni kuchukua kilichobaki na kukigawa kwa miezi iliyobaki. Kwako ni 2,450,000 kwa 6, yaani kama 408,000 kila mwezi. Mtu ambaye hajawahi kuvuka 300,000 anajitwisha 408,000. Agosti inamshinda, Septemba anaacha, Oktoba anaanza kuzichota zilizokuwepo.

Sasa tazama orodha yako. Miezi mitatu mfululizo umeweka 300,000 bila pengo, kwa hiyo kipato kinaruhusu. Mpango umevunjika sehemu mbili tu, na zote zinajulikana: Januari kwa ada, Mei na Juni kwa michango. Michango imekula 400,000 za kiwanja (100,000 za Mei, 300,000 za Juni). Gawa kwa miezi sita, unapata kama 66,000 kwa mwezi. Hilo ni fungu la kudumu, maana harusi na misiba haitaisha mwakani. Lipe 65,000 kila mwezi, likae kwenye laini au akaunti tofauti. Kiwanja kinabaki na 235,000.

Halafu panga miezi kwa sura yake, usiipange kama inafanana. Julai muhula wa pili unafunguliwa, andika 100,000. Agosti hadi Novemba 235,000 kila mwezi, jumla 940,000. Desemba ni sikukuu na nauli, andika 50,000. Ongeza ulichonacho, mwaka unafunga na 2,240,000. Mwakani Januari 50,000, Februari hadi Juni 235,000, na 135,000 za mwisho zinaingia Julai. Lengo limesogea miezi saba, ila kila mstari una mwezi wake na sababu yake. Kama muuzaji anapokea malipo kwa awamu unaweza kuanza mapema zaidi, lakini usilipe hata awamu ya kwanza kabla hujathibitisha umiliki ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Hela iondoke siku mshahara unapoingia, kwa agizo la kudumu benki. Ukisubiri kitakachobaki tarehe 25, hakibaki. Na kama akiba iko kikoba, soma katiba yenu kabla ya kushusha hisa, vikundi vingi haviruhusu kubadilisha katikati ya mzunguko.

Kuhusu kujidanganya, kuna alama tatu. Ya kwanza, namba ya zamani imefutwa. Usiifute, ipige mstari mmoja ili isomeke, andika mpya pembeni, tarehe, na sababu kwa sentensi moja. Ya pili, sababu yenyewe haina tarehe wala kiasi. "Maisha magumu" haikubaliki. "Michango 400,000, Mei na Juni" inakubalika. Ya tatu, umebadilisha siku moja baada ya kushindwa. Mtu aliyeshindwa jana hupunguza mno, aliyefaulu jana huongeza mno. Subiri siku tatu nne.

Ukishabadilisha, funga daftari. Usirekebishe tena hadi 30 Septemba, hata kama Agosti itayumba.

Chaki_Nyeupe

Nachukua Hisabati peke yake, maana hapo ndipo namba 27 inaficha mambo mengi.

Kwanza, kwa nini B? Ngazi za kidato cha nne ni D kuanzia 30, C kuanzia 45, B kuanzia 65, A kuanzia 75. Kama fomu ya chuo inataka C, lengo la B linakupa kazi ya alama 20 ambazo hakuna atakayekuuliza. Angalia fomu, kisha urudi.

Pili, jumla haikwambii ufanye nini kesho. Chukua karatasi hiyo hiyo uliyoifanya. Pembeni ya kila swali andika alama zilizopotea na herufi moja: M kama mada hujaisoma au hukuielewa, K kama njia ulikuwa nayo ila ukakosea kukokotoa, D kama dakika zilikuishia. Jumlisha kila herufi. Kazi hiyo haizidi saa moja. Weka matokeo hapa.

Alfajiri

Mbio zako hazijachelewa hata kidogo, mkuu. Kutoka leo hadi mwishoni mwa Februari kuna zaidi ya wiki 30, na mtu anayekimbia km 5 bila kusimama anahitaji 12 hadi 16 kujiandaa kwa km 21. Umeliweka kwenye kapu la yaliyoshindikana kwa sababu umeliangalia pamoja na mengine.

Linaloweza kuliharibu ni kugombania saa na Hisabati. Kwa hiyo hadi mtihani uishe, lifanye lengo la kulinda tu: siku mbili kwa wiki, moja km 5, nyingine uiongeze km 1 kila baada ya wiki tatu hadi ifike 9, ibaki hapo. Saa 11 alfajiri, kabla jua la Dar halijaanza kuchoma. Baada ya mtihani ongeza siku ya tatu, na mbio ndefu ipande km 1 hadi 1.5 kwa wiki, kila wiki ya nne uirudishe chini. Ukifika km 18 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, inatosha. Wanaokimbilia kuongeza km 3 au 4 kwa wiki huishia na maumivu ya goti au muundi, na wiki tatu za kukaa nyumbani zinakula yote waliyoongeza.

Moshi, zinakofanyika mbio hizo, iko mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na njia ina mpando. Barabara tambarare za Dar hazikuandai kwa hilo. Kuanzia Desemba tafuta mwinuko, hata Pugu, mara moja kwa wiki.

Vitabu futa. Malengo manne kwa mtu mwenye kazi, watoto na mtihani ni mengi.

Mizani

Hapo kwenye kufuta natofautiana na Alfajiri kidogo. Kuna kufuta, kupunguza na kuahirisha, na watu huzichanganya. Unafuta lengo ambalo hata ukipewa muda hulitaki tena. Unapunguza lenye kasi ndogo lakini unalitaka. Unaahirisha linalogombania saa na lingine lenye tarehe isiyosogea.

Mtihani hausogei. Vitabu vinasogea. Andika "vimeahirishwa hadi Desemba", usiandike kitu kingine. Na usijaze nafasi hiyo kwa lengo jipya! Julai watu huanzisha mapya ili wasiyatazame ya zamani.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Nimeangalia fomu, chuo kinataka C. Nimepitia karatasi kama Chaki alivyosema. Zimepotea alama 73: M 38, K 23, D 12. Nilidhani tatizo lote ni mada. Saa ninazoweza kupata ni moja kila jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi asubuhi.

Chaki_Nyeupe

Safi, sasa tuna pa kuanzia. Unahitaji alama 18 kutoka 27 kufika 45, na K na D zikijumlishwa ni 35. Njia karibu yote ya kwenda C iko kwenye mada unazozijua tayari, na kwa haraka ya kawaida ungeamua kusoma mada mpya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Anza na D kwa kuwa ndiyo rahisi. Karatasi ina maswali 14 kwa saa tatu: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10, na yote ni ya lazima. Jipe dakika 10 kwa kila swali la A na 17 kwa kila swali la B. Jumla dakika 168, zinabaki 12 za kukagua. Dakika 10 zikiisha, piga mstari, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Anayepoteza alama 12 kwa muda kwa kawaida alikaa dakika 25 kwenye swali la tatu au la nne akitafuta alama 2.

K inataka daftari la makosa. Upande wa kushoto mstari ulioukosea kama ulivyouandika, kulia mstari sahihi, chini aina ya kosa. Mfano: kushoto −2(x − 5) = −2x − 10, kulia −2x + 10, chini "alama ya kutoa haikuingia kwenye mabano". Baada ya karatasi tatu utaona makosa yenyewe ni manne au matano yanayojirudia. Kila Jumatatu, kabla ya jambo lolote, fanya maswali 10 mafupi ya aina inayoongoza. Ukiokoa nusu ya K ni alama 11 au 12, na nusu ya D ni 6. Tayari uko 44 au 45, bila mada mpya hata moja.

Lakini usiende chumba cha mtihani na 45 kamili mkononi. Lenga 55 nyumbani. Hizo 10 za ziada zitoke kwenye M, na si kwa kusoma kila kitu: chagua mada tatu tu. Takwimu, matriki, na hesabu za leja zina hatua zinazofuatana, na aliyezizoea hupata alama za njia hata jibu la mwisho likikosewa. Jumanne na Jumatano ni za mada, wiki tatu kila moja, hadi mwanzoni mwa Septemba. Alhamisi ni ya kurudia maswali uliyoyakosea wiki hiyo.

Jumamosi ni karatasi nzima, saa tatu, simu ikiwa chumba kingine. Moja kila wiki mbili hadi mwisho wa Septemba, kisha kila wiki. Kila ukimaliza, andika M, K na D zake kwenye mstari mmoja. Usiangalie jumla tu, inaweza kubaki 33 huku K imeshuka kutoka 23 hadi 14 na M imepanda kwa sababu karatasi ilikuwa na mada nyingine. Kama ifikapo 30 Septemba K bado iko juu ya 18, na mada ya tatu imechelewa kuisha, iache, na jioni za Jumanne na Jumatano zote uzihamishie kwenye maswali mafupi.