F7, GP30 au SD40T-2: nichonge kichwa kipi cha treni ya mizigo cha Marekani?

FundiMninga
Wakuu, habari za leo. Nina gogo zuri la mninga, nataka kuchonga kichwa kimoja cha treni ya mizigo cha Marekani, urefu sentimita 60 hivi. Nimebaki na vitatu, vyote vya EMD, kitengo cha General Motors cha kutengeneza vichwa vya treni: F7 ya 1949, GP30 ya 1961 na SD40T-2 ya miaka ya sabini. Nataka kile ambacho mgeni akikiona rafuni atauliza, "Mbona kiko hivi?" Mnanishauri kipi?

Bandari_Msa
F7, bila kusita. Ile pua ya mviringo Wamarekani waliifananisha na uso wa bulldogi. Na ubavu wake si pambo: nyuma ya bati kuna vyuma vilivyokingamana kama vya daraja, navyo vinasaidia kubeba uzito. Mninga utang'aa hapo, kona kali hakuna.

Tindo
Mkuu Bandari, uzuri nakubali, ila iliwatesa wafanyakazi. Dereva akirudi nyuma haoni kitu. Ndiyo maana mwaka uleule wa 1949 EMD wakatoa GP7: hospawa 1,500 zilezile, lakini injini imewekwa ndani ya boksi jembamba, pembeni kuna njia ya kupita, fundi anafungua milango akiwa nje. Msanifu wake, Richard Dilworth, alieleza kwamba aliifanya mbaya wa sura makusudi, ili kampuni za reli zisitamani kuiweka karibu na makao makuu, ziipeleke mbali ikapige kazi.

GP30 ina boksi lilelile, ila wasanifu wa magari wa General Motors waliipitishia mkono. Paa la kibanda cha dereva halikatiki, linaendelea nyuma kama mgongo wa ng'ombe. GP35 iliyofuata ikarudia mistari iliyonyooka. Chonga hiyo.

Zainabu_Dom
Mimi nasema SD40T-2, na sababu yake iko milimani. Kampuni ya reli ya Southern Pacific walipitisha treni kwenye mahandaki ya milima ya Sierra Nevada, California, vichwa kadhaa vikivuta pamoja. Vichwa vya kawaida huvuta hewa ya kupoza rejeta karibu na paa. Sasa ndani ya handaki, joto na moshi wa kichwa cha mbele hujikusanya huko huko juu. Cha nyuma kinameza hewa ya moto, injini inachemka, nguvu zinapungua pale pale kwenye mlima.

EMD wakashusha midomo ya hewa hadi usawa wa njia ya kupita, kwenye hewa baridi, na feni zikasukuma hewa kwenda juu kwenye rejeta. Matokeo yake, sehemu ya nyuma ina uwazi mkubwa kiasi kwamba ukisimama ubavuni unaona mwanga wa upande wa pili. Mgeni atauliza tu.

MzeeWaStesheni
Binti yangu Zainabu amesema kweli. Naongeza kwamba kampuni hiyohiyo, kwenye milima hiyohiyo, iliwahi kupambana na moshi huo enzi za mvuke. Wakageuza kichwa kizima: dereva mbele, bomba la moshi nyuma yake. Iliwezekana kwa kuwa walichoma mafuta, si makaa, na mafuta yakasukumwa kwa presha kutoka tenki la nyuma hadi kwenye tanuru lililo mbele. Namba 4294 ya mwaka 1944 imehifadhiwa makumbusho ya reli, Sacramento. Kwangu hiyo inazishinda zote tatu.

FundiMninga
Shikamoo mzee. Hiyo yenye magurudumu mengi itasubiri gogo lingine, nakuahidi. Naenda na SD40T-2, kesho naanza na uwazi wa nyuma.

Zainabu_Dom
Vizuri sana. Angalizo moja: juu ya uwazi huo chonga milango miwili. Ukichonga mitatu, umetengeneza SD45T-2.